Figo Zangu na Sinia la Mama Issa

Kama umeambiwa figo zako zinavuja, na sasa umekaa kwenye benchi la hospitali hujui utaanzia wapi kuwaeleza watu wa nyumbani, nakuandikia wewe. Mimi nimepita hapo. Udaktari sitakufundisha maana siujui. Nitakusimulia tu yaliyonipata, pamoja na mambo mawili ambayo daktari hakuwa na nafasi ya kuniambia: kwamba ugonjwa huu kwanza unakupendezesha, na kwamba chumvi inaweza kugombanisha koo mbili.

Naitwa Zaina, fundi cherehani. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, wazazi wangu wakanirudisha kwetu Muyinga nikiwa msichana mkubwa, ndiyo maana mpaka leo watu wa Gitega wanacheka Kiswahili changu. "We unaongea kama redio," ananiambia mume wangu Issa. Alinioa akanileta hapa Gitega, mtaa wa Nyamugari, kwenye nyumba ya mama yake. Tuko wanne: mimi, yeye, mdogo wake Hadija, na mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Issa.

Mama Issa ana utaratibu wake. Chakula kinapakuliwa kwenye sinia moja, tunakaa mkekani kulizunguka, kila mtu anakula upande wake, na yeye ndiye anayekusukumia kipande cha samaki akiona umezubaa. Sahani kwake ni ya mgeni, au ya mtu aliyenuna. Shika hilo, kwa sababu ndilo lililonitesa kuliko sindano zote.

Basi, mvua za kwanza baada ya harusi zilipoanza, nikaanza kunenepa. Uso ulijaa, mashavu yakang'aa. Mimi niliyekuja hapa mbavu zinahesabika! Wateja wakinipa vitambaa wananishika mkono wanacheka: "Sha, Zaina, Gitega imekupokea!" Kwetu mwali akinenepa sifa ni ya mama mkwe, kwamba anatunza vizuri watoto wa watu. Mama Issa alikuwa hanitoi machoni. Kila harusi, kila akika, ananibeba, ananiketisha mbele. "Muangalie mukwe yangu," anawaambia wenzake. "Alifika hapa mukavu, kabisa kabisa. Sasa muone!"

Na mimi nilifurahi, kwa nini nikufiche? Nilijiona malkia. Fundi mwenye akili huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, na mimi nilifumua akiba yangu yote, gauni baada ya gauni, huku naimba. Akiba ilipoisha nikaanza kutia viraka vya pembeni.

Ila kulikuwa na vitu. Asubuhi macho yalikuwa hayafunguki vizuri, kope zimejaa. Kufika adhuhuri uso umepungua na miguu ndiyo imevimba, mpaka mguu wa kukanyagia cherehani unakuwa mzito kama si wangu. Nikivua soksi, alama inabaki mpaka kesho. Na mkojo ulikuwa na povu. Povu kweli, la kusimama. Nikasema ni sabuni, maana Hadija akifua anamwaga maji ya sabuni kila mahali. Mtu hatafuti ugonjwa wakati anasifiwa uzuri.

Halafu tumbo likatoka. Hapo ndipo nyumba nzima ilipoanza kunong'ona. Mama Issa hakuniuliza kitu, alinipa tu mto wa kuegemea. Siku moja akasema, "Tuende kwa muganga, apime, tujuwe." Alivaa kitenge chake cha sikukuu. Zahanati ilikuwa imejaa, tukakaa kwenye benchi pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, na yeye akawa anawachezea watoto wale mmoja mmoja, anawauliza majina. Mimi nikapewa kikopo, nikaenda chooni, nikarudi nacho nimekifunika kwa mtandio.

Muuguzi alichovya kijiti kimoja, cha mimba. Akachovya cha pili, chenye vyumba vya rangi. Akanitazama miguu. Akainama akabonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba, akakitoa, na pale palibaki shimo. Nililiangalia shimo lile kwenye mguu wangu mwenyewe, likakaa pale, halirudi.

"Mimba haiko," alisema. "Iko maji. Uende hospitali kubwa, usichelewe."

Mama Issa alikuwa bado amempakata mtoto wa watu. Alimrudisha kwa mama yake polepole, akaweka sawa kitenge, tukatoka. Nililia tulipofika nyumbani, nikalia kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi kuwepo, na yeye akakaa kando yangu ananipapasa mgongo, anamwita Mungu, "Mana we, Mana we."

Hospitalini daktari alikuwa kijana, mwenye haraka, lakini muuguzi mmoja mwanamke alinipenda. Alinionyesha chujio la chai lililokuwa mezani kwao. "Unaona hii? Figo iko namna hii. Damu inapita, uchafu na maji ya kuzidi vinashuka kwenye mkojo, vitu vizuri vinabaki. Yako imetoboka. Majani yote yanaingia kwenye kikombe." Vile vitu vizuri, protini, ndivyo vinavyoyashika maji ndani ya mishipa. Vikivuja, maji yanatoka yanakwenda kukaa miguuni, tumboni, usoni. Na chumvi inayang'ang'aniza yasitoke. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya figo, na mpaka leo imenitosha.

Wakaniambia nikusanye mkojo wa kutwa nzima na usiku wake ndani ya kibido, yaani dumu, niulete. Nilipewa kibido cha manjano kilichokuwa cha mafuta. Sasa fikiria kutembea mjini na kitu kile. Nilikivika kitambaa cha maua nikakishona juu kama mto, na kwenye benchi la kusubiria mama mmoja kutoka Giheta akanisogelea: "Dada, hii mawese unauza?" Nikamwambia imeshauzwa. Issa alicheka mpaka akatoka nje. Nakueleza haya ili ujue kwamba hata siku ile tulicheka.

Majibu yakathibitisha. Nikaandikiwa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza asubuhi baada ya kula, vingi kwa mpigo, na kidonge kingine cha kunikojoza. Na mwisho kabisa, daktari akiwa ameshashika kitasa cha mlango, akasema: "Na chumvi, hapana. Hata kidogo."

Mama Issa alisikia, na Mama Issa ni mtu wa kutii daktari. Jioni ile akapika vyungu viwili. Kikubwa cha nyumba, chenye ndagala, wale dagaa wa ziwani, na chumvi yake, na kidogo changu, maharage matupu. Akanipakulia kwenye sahani.

Nilijua hana ubaya. Mchuzi wao ungenidhuru, sahani ndiyo ilikuwa njia ya kunilinda. Lakini nilipoiona ile sahani nilihisi nimetolewa ndani ya nyumba. Wao wamezunguka sinia, wanapitishiana pilipili, mimi nimekaa pembeni kama mgeni aliyechelewa. Siku za kwanza nilivumilia. Baadaye nikaanza kulia chakula kwenye kona ya cherehani, nikisingizia kazi. Issa alinifuata mara moja, akakaa, akaonja, uso ukamkunjamana. "Iko kama kula karatasi," alisema. Akarudi mkekani. Sikumlaumu, lakini iliniuma.

Vidonge vilifanya kazi. Maji yalitoka, jamani! Nilikuwa kila mara niko njiani kwenda chooni. Miguu ikapungua, tumbo likapungua, na chini ya maji yale nikajikuta mimi mwenyewe, mwembamba kuliko nilivyokuja. Protini zilikuwa zimekwenda na mkojo muda wote ule, nyama haikuwepo. Shingo ilikuwa kamba tupu. Daktari alipoona alisema vizuri sana.

Mama Issa hakuona vizuri. Alianza kwenda harusini peke yake. Wageni wakija, ananiambia nipumzike chumbani. Siku moja ya jua kali alinipa sweta. "Vaa hii, mwanangu."

"Mama, ni joto."

"Vaa tu. Watu iko na maneno. Watasema tunakunyima chakula."

Nikavaa. Nililoana jasho na hasira. Nilikuwa napona, na kupona kwangu kulikuwa aibu ya nyumba.

Ndipo mama yangu mzazi akaja kutoka Muyinga bila taarifa. Alinikuta uani, sina sweta. Akasimama. Akatua kikapu chake chini. "Mmemfanya nini mwanangu?" Mama Issa akatoka jikoni, akaanza kueleza figo, chumvi, daktari, na kila alivyoeleza ndivyo mama yangu alivyozidi kuangalia ile sahani iliyokuwa karibu yangu. "Na mnamlisha peke yake," alisema. "Kama mbwa." Issa akajaribu kuingia kati, hakusikilizwa na yeyote. Mama Issa akanyamaza. Ule unyamavu niliutafsiri vibaya. Nilidhani ameona afadhali niondoke. Kesho yake nikapanda gari na mama yangu, na begi langu, na dawa zangu, kiangazi kimeanza, vumbi jekundu barabara nzima.

Huko kwetu mwanamke mgonjwa kurudi kwa wazazi akauguzwe ni jambo la kawaida. Kisicho cha kawaida ni kufuatwa. Majirani wa Muyinga walinihesabia kwa upole wote waliorudi wakiwa wagonjwa na mahali pao pakachukuliwa. "Figo, tena?" walisema. "Na mtoto hakuna?" Nilikuwa nalala nawaza lile sinia. Kama kuna mtu amekaa upande wangu. Nilimpenda Issa, na niliogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa figo, nasema kweli. Alikuwa anapiga simu kila jioni, lakini Issa kwenye simu ni mtu wa "eh bon" na "tutaona," huwezi kumpima.

Mama yangu alinipokea kwa sinia. Nilikula na wadogo zangu, bega kwa bega, na mchuzi ulikuwa mtamu. Niliuliza, "Mama, hujatia chumvi?" Akasema, "Hata chembe, ni nyanya za shamba letu." Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Ulimi wangu ulikuwa umesahau ladha, kila kitu kilikuwa kitamu. Wiki zikapita, mashavu yakarudi. Mama akafurahi, akaniita niende naye sokoni watu wanione. "Si unaona?" alisema. "Ulihitaji mama yako tu."

Asubuhi moja kope hazikufunguka. Nilikaa kitandani, nikanyoosha mguu, nikabonyeza muundi kwa kidole gumba kama yule muuguzi. Nikakitoa. Shimo.

Nilimwita mama. Sikupiga kelele. Nilimshika mkono, nikachukua kidole chake mwenyewe, nikakibonyeza pale pale, nikakitoa. Tukaangalia wote wawili. "Hayo siyo mashavu, Mama," nilimwambia. "Ni maji."

Alikaa chini pale pale sakafuni. "Kidogo tu," alisema. "Nilitia kidogo tu, Zaina. Nitampaje mwanangu chakula kisicho na chumvi, mgonjwa? Ni kama kumwambia simpendi." Akalia, mama yangu ambaye hakulia tulipokuwa tunavuka mpaka na vyombo kichwani. Sikuweza kumkasirikia. Nilimwambia tutaanza upya. Daktari aliniambia baadaye kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi hata bila kosa la mtu, kwa hiyo sijui chumvi ile ilichangia kiasi gani. Lakini toka siku ile mama hakutia tena.

Jioni Issa alipopiga nilimweleza yote. Akasema, "Eh bon." Nikakata simu nikalia.

Siku ya pili yake gari la Gitega lilisimama barabarani, na aliyeshuka hakuwa Issa. Alikuwa Mama Issa, na magoti yake mabovu, na kikapu. Alipanda kile kilima chetu polepole, anasimama, anapumua, anapanda. Mama yangu alikuwa ananawa mikono mlangoni. Walitazamana.

"Nimekuja kuchukua mutu wangu," Mama Issa alisema.

Akaingia, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa, akauvuta mguu wangu mapajani kwake na kuubonyeza. Aliliona shimo. Hakusema lolote kwa mama yangu, na mama yangu alikuwa amejiandaa kusemwa. Badala yake akafungua kikapu: ndimu, tangawizi, seleri, vitunguu, nyanya. "Zaina alipoondoka nilikula ile sahani yake," alimwambia mama. "Nilitaka nijuwe tulikuwa tunamupa nini. Siku ya kwanza nilitema. Nikasema, Mana we, na huyu mutoto alikuwa anameza, ananiambia asante." Akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Sasa najuwa. Ndimu iweke mwisho, moto ukiwa umezima. Seleri mingi. Njoo nikuonyeshe."

Wakaingia jikoni, wote wawili. Nilisikia wanabishana habari ya tangawizi. Nililala pale mkekani nikasikiliza, na sijawahi kusikia kelele nzuri kama zile.

Nilirudi Gitega naye. Dawa zikapandishwa tena, na safari hii nilikuwa nimeonywa kitakachokuja: njaa ya ajabu, uso wa duara, chunusi, na vinyweleo mashavuni ambavyo Hadija aliviita ndevu za sheikh. Vidonge hivyo usiviache ghafla hata ukijichukia kwenye kioo. Vinapunguzwa na daktari kidogo kidogo, kama unavyoshusha mtoto aliyelala. Wateja wakaanza tena: "Umenona, Zaina!" Nilikuwa nawaambia ni vidonge, wanadhani natania.

Jioni ya kwanza nilichukua sahani yangu kwa mazoea. Haikuwepo mahali pake. Mkekani kulikuwa na sinia moja, limepakuliwa kutoka chungu kimoja. Pembeni kulikuwa na kibakuli kidogo chenye chumvi. "Anayetaka aweke upande wake," Mama Issa alisema. "Sinia iko ya watu wote." Nikakaa upande wangu. Hakuna aliyekuwa amepachukua. Issa alikula bila kugusa kibakuli, machozi ya ushujaa yanamlenga, na Hadija alijimwagia nusu yake akidhani hatumwoni. Nilikula nikashiba. Mwezi wa kufunga ulipofika daktari alinikataza, na Mama Issa, akiwa na swaumu yake, ndiye aliyenipikia mchana.

Mvua zilikuja zikaenda. Vidonge vilipungua, uso ukarudi wa kwangu. Kila nikienda kupimwa nilikuwa naangalia kile kijiti kabla muuguzi hajasema. Kijani ni habari mbaya, manjano ni nzuri. Kikawa kijani hafifu, kikawa kati na kati, na asubuhi moja ya kiangazi kikakaa manjano, tukakisubiri, kikabaki manjano. Yule muuguzi wa chujio alinikumbatia. Bado napima, na huenda nitapima maisha yangu yote. Siyo kitu. Kuna watu wanapima mvua.

Na nikawa mwembamba tena.

Mwezi uliopita Hadija aliolewa. Gauni nimelishona mimi, na langu pia, nimelipunguza pembeni mpaka mshono umejaa akiba. Wageni walikuwa wengi, Muyinga walikuja, mama yangu akiwa mbele yao, na shangazi yake Issa wa Giheta, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Tulikuwa tumekaa wanawake kwenye mikeka, masinia yameshawekwa, shangazi yule aliponitazama akashika kifua.

"Mama Issa! Huyu ndiye mukwe yako? Mbona amekonda hivi? Munamunyima chakula?"

Vidole vilisimama kwenye wali. Nilimwona mama yangu anafungua mdomo, nikaangalia chini, na mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta mtandio nijifunike mabega.

Mama Issa akaushika ule mkono akaurudisha. Halafu akauvuta mguu wangu, mbele ya watu wote, akapandisha gauni mpaka muundi ukaonekana.

"Leta kidole," alimwambia shangazi.

"Kidole cha nini?"

"Leta! Bonyeza hapa. Sana. Sasa toa."

Shangazi akatoa. Mguu ulikuwa vile vile, laini, hauna alama.

"Unaona shimo?"

"Hapana."

"Ehe. Ule unene muliosifu yalikuwa maji, na mimi nilikuwa namutembeza mumuone. Huyu ndiye Zaina. Amekonda, alhamdulillah, na tumemukondesha sisi wenyewe, mimi na mama yake." Akampungia mkono mama yangu, ambaye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kisha akalisogeza sinia letu karibu. "Sasa kuleni. Hii hapa haina chumvi, asiyeweza aende kwa ile ingine."

Hakuna aliyeondoka. Shangazi alitia tonge mdomoni, akatafuna, akatafuna, akaomba ndimu. Mama Issa akaniona nimezubaa, akanisukumia kipande cha samaki.